Jani la Sale Nililompelekea Mdogo Wangu

Nimewahi kumfungia mdogo wangu nyuma ya geti lenye kufuli kwa kutumia jani moja tu.

Sikumpiga. Sikumfunga kamba. Sikuita polisi wala mgambo. Nilimwonyesha jani, akanawa mikono, akapanda gari mwenyewe.

Na nilijiona shujaa, aisee. Hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Naitwa Scola. Nauza mitumba sokoni Kiboriloni, viatu vya kike na mabegi, na wanaonijua wanajua mdomo wangu hauna breki. Kwetu ni Mwika, kule mlimani. Baba alishafariki, tumebaki mimi na mdogo wangu Vedastus. Yeye ndiye kitinda mimba, kwa hiyo kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba yetu, ni chake, anakaa pale na mama yetu, anatunza migomba, kahawa na ng'ombe mmoja mkorofi.

Veda aliwahi kuugua akili. Nasema wazi, maana kufichaficha ndiko kulikotufikisha hapa.

Ilikuwa miaka mitano iliyopita. Alianza kusikia sauti, akatembea peku kutoka Mwika mpaka Himo akihubiria magari. Baba mdogo Filemon, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo tangu baba afariki, akaamuru afungwe kamba kwenye banda la ng'ombe. Alikaa humo siku tatu.

Mimi nilimpelekea uji. Alinitazama, nikatazama pembeni.

Siku ya nne ndiyo akapelekwa hospitali ya mkoa, Mawenzi. Akapata dawa, akapata nesi mmoja anaitwa Avelina, akarudi kuwa Veda wetu. Toka hapo hajawahi kuruka kliniki hata mara moja. Mimi kanisani naruka, yeye kliniki haruki.

Sasa kumbukeni kitu kimoja kidogo. Pasaka iliyopita Veda alishuka Kiboriloni, akanipa bahasha nyeupe.

"Dada, soma ukipata nafasi."

Nilikuwa na mteja anavuta bei chini kama anavuta kamba ya ndoo. Nikaichukua bila hata kuiangalia. Jamani, Kiboriloni ukipewa bahasha ni kadi ya mchango: harusi, kipaimara, send-off, kuna mtu alishanipa ya mtoto kumaliza chekechea. Nikaitupia kwenye kopo la biskuti pamoja na kadi nyingine, nikaendelea na mteja wangu.

Twende Desemba.

Jumanne asubuhi mama ananipigia.

"Scola, mdogo wako halali."

"Tangu lini?"

"Siku ya tano hii. Anaongea haraka haraka. Na jana amekata kahawa za baba yenu."

"Amekata matawi?"

"Amekata mashina! Kwa msumeno! Mistari miwili imelala chini. Yeleuwi, mwanangu, njoo."

Kama wewe si mtu wa huku huwezi kuelewa. Kahawa aliyopanda marehemu haiguswi hata kama haijazaa toka enzi za mkoloni. Mtu akikata kahawa ya baba yake, kwetu hiyo ni barua kamili kwamba kichwa kimeondoka.

Nikafunga kibanda, nikapanda Mwika.

Nakuta Baba mdogo Filemon yuko uani na vijana wawili. Kamba ya katani iko begani, ile ile, au mwenzake.

"Shikamoo Baba mdogo."

"Marahaba. Umefika vizuri. Gari lipo, na kuna kituo cha wagonjwa wa akili nimeshaongea nao, watampokea leo. Tunamfunga tunakwenda."

"Kamba hapana."

"Basi mtoe wewe kwa mdomo wako huo. Nakupa nusu saa."

Nikaingia migombani. Veda alikuwa katikati ya visiki, jasho linamtiririka, macho mekundu. Aliponiona akacheka kwa furaha.

"Dada! Njoo uone! Hii mibuni imezeeka, inakula mbolea bure. Unakata hapa, shina linachipua upya, miaka miwili mitatu unavuna kuliko mwanzo. Bwana shamba ametufundisha. Mama hataki kunisikiliza."

Alikuwa anaongea mbio kweli. Maneno yanakanyagana.

"Veda, umelala lini?"

Akaweka msumeno chini.

"Silali vizuri, dada. Najua. Nimejiona mwenyewe. Jana nimempigia Nesi Avelina, ameniambia nije kliniki Alhamisi, daktari aangalie dawa. Keshokutwa tu."

Nilimsikia. Naapa nilimsikia vizuri kabisa.

Lakini mtu aliyewahi kuugua akili akikwambia anajijua, nani anamwamini? Mimi sikumwamini. Nilichokuwa nakiona ni banda la ng'ombe na ile kamba, na nusu saa inakwisha.

Ndipo nikafanya ujanja wangu.

Mpakani mwa kihamba chetu kuna masale, yale majani marefu ya kijani yaliyopandwa mstari. Kwetu sale si ua la mapambo. Ukimkosea mtu, ukachuma jani la sale ukampelekea, hata kama ulimuulia ng'ombe, hawezi kukukatalia msamaha, na ombi lililokuja na sale nalo halikataliwi. Akikataa, laana inamrudia yeye. Hata wale wanaokwenda misa kila asubuhi hawachezi na sale.

Nikachuma jani moja. Nikalikunja fundo, nikarudi, nikampelekea kwa mikono miwili.

"Veda, kwa sale hili. Panda gari twende hospitali leo. Usinikatalie."

Uso wake ulibadilika. Ile furaha yote ikashuka.

"Dada. Na wewe?"

"Usinikatalie, mdogo wangu."

Aliliangalia lile jani muda mrefu. Kisha akaenda kwenye ndoo, akanawa mikono taratibu, akachukua kimfuko chake cha dawa.

"Mwambie mama ng'ombe hajakatiwa majani."

Akapanda gari. Baba mdogo akanipigapiga bega, vijana wakanisifu. Nilivimba kichwa mpaka nikamtania Baba mdogo akauze kamba yake mnadani.

Kituo chenyewe sikitaji jina. Ni nje ya mji, kuta zimepakwa rangi vizuri, geti jeusi. Msimamizi anaitwa Crispin, shati jeupe, kalamu tatu mfukoni. Akatoa fomu.

"Vedastus, umekuja hapa kwa hiari yako?"

Veda akanitazama mimi. Akatazama jani, bado nilikuwa nalo mkononi.

"Nimekuja," akasema.

Akasaini.

"Safi sana. Mgonjwa wa hiari," Crispin akaandika. Akachukua simu ya Veda. Akachukua kimfuko cha dawa.

"Dawa zangu nakunywa saa mbili," Veda akasema.

"Hapa tuna utaratibu wetu."

Geti likafungwa, kufuli likalia. Nikarudi zangu Kiboriloni nikalala usingizi mzito.

Ijumaa nikamtembelea, nimebeba mtori wa ndizi kwenye hotpoti. Crispin akanipokea getini, hakufungua.

"Wageni mpaka tarehe ishirini na nane."

"Ya mwezi huu? Mbona mbali hivyo?"

"Ni maelekezo."

Hapo hapo nikasikia sauti kutoka dirisha la nyuma lenye nondo.

"Dada! Dada Scola! Alhamisi imepita!"



"Nimewaambia nataka kutoka! Nimewaambia mara tatu! Waulize dawa zangu ziko wapi!"

Kisha nikasikia dirisha linafungwa.

"Huyo mtu si amesema anataka kutoka?" nikamuuliza Crispin.

"Mama, wote wanasema hivyo."

"Lakini wewe mwenyewe uliandika mgonjwa wa hiari. Nilikuwepo."

"Kuingia ndiyo kwa hiari. Kutoka ni mpaka mwenye mgonjwa aseme. Mzee Filemon ndiye mwenye mgonjwa."

Mwenye mgonjwa! Kama mwenye mbuzi. Nilimtukana Crispin matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, nikampigia Baba mdogo simu nikiwa bado nimeshika nondo za geti.

"Baba mdogo, kwa nini Veda hatoki mpaka tarehe ishirini na nane?"

Akakohoa kidogo.

"Tarehe ishirini na saba wageni wa Gladness wanakuja kuposa. Unajua wakwe wanachouliza kwanza: kwenu hakuna kichaa? Wachumba wawili walishaondoka baada ya kuulizia Mwika nzima. Gladness ana miaka thelathini na minne, Scola. Ni binti yangu."

"Kwa hiyo umemfungia Veda ili asionekane?"

"Si anaumwa? Anaumwa. Na wageni wanakuja. Vyote viwili ni kweli. Anakula, analala, wiki moja tu. Usinifundishe kutunza ukoo."

Akakata.

Mtori niliuacha pale chini. Nikachukua boda mpaka Mawenzi, machozi yanaruka na upepo.

Nesi Avelina ni mama mfupi, mpole, miwani imefungwa kamba shingoni. Nilipotaja jina la Veda akasimama.

"Hakuja jana. Miaka mitano hajawahi kukosa. Simu haipatikani. Yuko wapi?"

Nikamweleza yote, mpaka jani. Nilitegemea angenionea huruma. Aliuliza kitu kimoja.

"Dawa zake anazo?"

"Walizichukua."

Akavua miwani.

"Scola, zile dawa hazikatwi ghafla. Jumatatu alinipigia mwenyewe, akaniambia, nesi, silali, naona inaanza. Wagonjwa wangapi unawajua wanaoweza kujiona mapema hivyo? Alishafanya kila kitu sawa."

Nikauliza kwa hasira, maana nikiwa na hatia huwa nakasirika:

"Kwani mgonjwa wa akili ana haki gani? Si ndugu ndio wanaamua?"

"Nani alikuambia?"

"Kila mtu!"

"Kila mtu amekosea basi. Kuna sheria ya afya ya akili. Aliyeingia kwa hiari yake akisema anataka kutoka, lazima asikilizwe. Wakiona kumwachia ni hatari, kuna utaratibu: daktari ampime, aandike, na jambo lipitie kwa wenye mamlaka kisheria, mpaka mahakamani. Ana haki ya kuambiwa anapewa dawa gani. Ana haki ya kuonana na watu wake. Simu ya baba mdogo siyo utaratibu."

Kisha akasema:

"Na ile karatasi yake iko wapi?"

"Karatasi gani?"

"Huwa tunawashauri waandike wakiwa wazima: nikizidiwa, nataka nifanyiwe hivi, sitaki vile. Si hati ya mahakama, lakini ni sauti yake. Veda aliandika kabla ya Pasaka. Aliniambia amempa dada yake. Ana dada mwingine?"

Hana.

Kopo la biskuti.

Sijui nilifikaje Kiboriloni. Nilimwaga kopo lote juu ya kitanda. Harusi ya Makuyuni, kipaimara cha Kirua, harusi, harusi, na ile bahasha nyeupe imebanwa chini kabisa, haijafunguliwa.

Mwandiko wa Veda, umenyooka kama mistari ya kahawa.

"Mimi Vedastus, nikiwa na akili zangu timamu. Nikianza kuugua dalili zake ni hizi: silali, naongea haraka, nafanya kazi kupita kiasi. Msiogope. Nipelekeni Mawenzi kwa Nesi Avelina. Msinifunge. Msininyang'anye dawa. Niulizeni, hata kama mnaona nimechanganyikiwa, niulizeni na mnisubiri nijibu. Mtu wa kunisemea nikishindwa ni dada yangu Scola. Ana kelele, lakini hiyo ndiyo kazi yake."

Nililia kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta. Nikaikunja, nikakimbia nayo kwa Nesi Avelina bila kungoja kitu kingine.

Saa tisa alasiri tulikuwa getini kwa Crispin: mimi, Nesi Avelina, na Julius, afisa ustawi wa jamii aliyeitwa na nesi. Julius ni kijana mwembamba, anaongea taratibu mpaka unatamani umsukume.

"Bila Mzee Filemon sifungui," Crispin akasema.

"Sawa," Julius akasema. "Nionyeshe maandishi ya daktari yanayosema azuiwe. Au amri ya mahakama. Kimoja tu kinanitosha."

Crispin akafungua faili. Akafunga. Akapiga simu, akaweka sauti kubwa.

"Usimtoe!" Baba mdogo alikuwa anafoka. "Mimi ndiye mkubwa wa ukoo!"

Julius akainamia simu.

"Shikamoo mzee. Naitwa Julius, ustawi wa jamii. Ukoo wako nauheshimu, ila ukoo hauna funguo za hapa. Ukitaka tuyaongee, ofisi yangu iko wazi."

Simu ikakatika.

Crispin alifungua. Funguo zilimponyoka mara mbili na nikafurahi, sitadanganya.

Wakamleta Veda. Jamani. Siku tatu tu. Midomo imekauka, mikono inatetemeka, hatua anazivuta. Nilitaka nimkimbilie, Nesi Avelina akanishika kiuno.

Julius akachuchumaa mbele yake.

"Vedastus, unataka kukaa hapa au unataka kuondoka?"

"Huyo anaumwa," Crispin akadakia. "Utamuulizaje mtu anayeumwa?"

"Anaumwa," Nesi Avelina akasema. "Na anaulizwa."

Tukasubiri. Ilipita dakika, labda mbili. Kwa mtu kama mimi ilikuwa mateso. Mdomo wa Veda ulifunguka ukafunga, ukafunguka tena.

"Nataka kulazwa," akasema.

Crispin akatabasamu.

"Lakini Mawenzi," Veda akamalizia. "Kwa nesi. Na dawa zangu nirudishiwe." Akanigeukia. "Ng'ombe amekula?"

"Amekula," nikasema. Sikuwa na hakika, lakini nilisema.

Mawenzi alilazwa siku kumi na sita. Alisaini mwenyewe, daktari akamweleza kila kidonge, akauliza maswali, akajibiwa. Kituo kile Julius alikiandikia taarifa kwa wakubwa wake, mengine sijui yalipofikia. Wageni wa Gladness walikuja, na swali lao wakaliuliza. Gladness akawajibu mwenyewe mbele ya baba yake, "Ndiyo, kaka yangu amelazwa Mawenzi, jioni nampelekea mtori." Bado hatujasikia kama watarudi.

Siku moja wodini nilimvuta nesi pembeni.

"Niambie ukweli. Veda alikuwa anaumwa au haumwi?"

"Alikuwa anaumwa," akasema. "Ulikuwa unataka haki zake zitegemee jibu hilo?"

Februari nikapanda Mwika siku ya Jumapili. Veda alikuwa ameshanenepa kidogo, yuko migombani anapalilia. Vile visiki, msiniulize, kila kimoja kilikuwa kimetoa machipukizi ya kijani. Mama anayaonyesha majirani kana kwamba mibuni aliikata yeye.

Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha. Na kama mtu yeyote wa kwetu, nilipopita mpakani mkono wangu ulishachuma sale kabla kichwa hakijafikiri.

Veda akaliona. Aliingia ndani, akarudi na ile karatasi.

"Nesi alinirudishia," akasema. "Ulisoma upande wa pili?"

Upande wa pili?

Siku ile nilisoma ukurasa mmoja nikakimbia. Ndivyo nilivyo. Nikaigeuza.

"La mwisho. Baba mdogo aliponifunga kamba, baadaye aliniletea sale. Nikamsamehe siku hiyo hiyo kwa sababu sale halikataliwi, lakini moyoni sikuwa nimemsamehe, na mpaka leo sijui nifanyeje na msamaha ule. Kwa hiyo naomba, nikiugua mtu asije na sale. Nikiwa mgonjwa kitu kinachobaki mkononi mwangu ni kusema ndiyo au hapana. Dada, wewe hakikisha hawaninyang'anyi hicho."

Dada, wewe hakikisha.

Lile jani lilikuwa bado mkononi mwangu. Nililirudisha mpakani, nikaliweka chini ya wenzake. Nikarudi nikasimama mbele yake, mikono sijui niiweke wapi.

"Veda, nisamehe. Sina jani."

Alinitazama, macho yake tulivu kabisa.

"Bado, dada," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa. Nilitaka kubisha, nilitaka kulia, nilitaka kumkumbusha uji wa miaka mitano iliyopita. Nikanyamaza, labda kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Akanipa jembe, tukapalilia mpaka mama akatuita kula.

Ndugu zangu, kama nyumbani kwako kuna mtu anayeumwa akili, muulize, halafu umsubiri ajibu. Mtu haachi kuwa mtu kwa sababu anaumwa, na sheria inamjua hata kama ukoo umemsahau. Na kama kuna bahasha amekupa, ifungue leo, usome pande zote mbili.

Mimi jibu langu bado sijalipata. Kila Jumapili napanda Mwika kumuuliza tena, mikono mitupu.